Bodi ya mninga na pikapu tatu: gitaa langu la Keko baada ya mwaka na miezi

Gitaa la umeme la kwanza kutengenezewa lilikuwa zuri sana kulitazama, ila lilikuwa linaniua bega. Bodi yake, yaani kiwiliwili cha gitaa, ilikuwa ya mbao ya mkongo. Niliitaka mwenyewe, nilimwambia fundi nataka mbao ya maana, ile ya milango ya watu wenye hela, si ndo watu wanasema mbao ngumu inafanya noti iimbe muda mrefu, basi noti ikaimba na mgongo wangu nao ukaimba. Kilo 4.6 ukiweka na shingo na vyuma vyake. Mi napiga bendi ya zilipendwa, Ijumaa na Jumamosi tunaanza saa tatu usiku tunamaliza saa nane, Jumapili asubuhi niko kanisani na gitaa hilohilo, sasa beba hicho kitu masaa matano umesimama halafu njoo uniambie habari za sauti ya mbao.

Kwahiyo hii ni rivyuu ya gitaa la pili. Shingo ileile, vyuma vilevile, pikapu zilezile mwanzoni, nilichobadilisha ni bodi, na ndo maana nina ujasiri wa kuongea kidogo maana nimelinganisha kitu na kitu, sio kusoma tu. Na nikisema pikapu namaanisha vile vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, simaanishi ile ya Toyota, kuna mtu kanisani nilimwambia nimeagiza pikapu mpya akaanza kunipongeza na kuulizia lifti ya kupeleka matofali Chanika.

Mbao kwanza. Huku kwetu zile mbao wanazoziongelea Wazungu huzikuti sokoni. Kampuni ya magitaa ya Fender walianza na mbao ya ash, halafu kuanzia 1956 magitaa yao ya Stratocaster (Strat kwa kifupi) mengi yakawa ya mbao ya alda, sio kwamba mtu alioteshwa ndotoni kwamba alda ndo ina sauti, ilikuwa inapatikana na inapokea rangi vizuri bila kuziba vinyweleo kwa kazi kubwa. Na gitaa lao la majaribio kabisa, kabla Telecaster haijawa Telecaster, bodi ilikuwa ya paini. Paini! Ile ya Sao Hill ya kupigia kenchi. Wapinzani wao Gibson, gitaa lao la Les Paul la 1952 wakaweka mahogani na juu mbao ya mepo (maple). Kila mtu alichukua kilichokuwa karibu na kiwanda chake, ndo ninavyoona mimi, halafu miaka 50 baadaye ikageuka dini.

Sasa kilichokuwa karibu na mimi ni Keko, hapa Dar, kwa wauza mbao na maseremala. Nilizunguka pale siku mbili na rula na daftari, nikaja na majina matano: mninga, mkongo, mvule, mtiki na mkangazi. Mkongo nilishaujua kwa bega. Mvule ni mbao safi, haichezi sana ukishakauka, lakini vumbi lake linawasha balaa, fundi wangu hataki hata kuusikia, na mara nyingine ndani yake kuna kama jiwe, chokaa iliyoganda kwenye mbao, randa ikikutana nalo bleda imekwisha. Mtiki upo mwingi siku hizi wa kupandwa, Longuza kule Muheza na Mtibwa, ila una mafuta, gundi haishiki vizuri mpaka ufute na tina kwanza kabla ya kupaka, na nao unakula makali ya bleda. Mkangazi ndo ungekuwa jibu kwa mtu anayetaka kitu kinachofanana na mahogani ya Gibson, ni ndugu kabisa, na ni mwepesi kuliko mninga, tatizo nyuzi zake za mbao zimepishana, ukipiga randa upande huu laini upande ule inanyofoka, na niliouona siku hiyo ulikuwa mbichi unatoa maji ukiukandamiza kucha. Nikaacha.

Nikabaki na mninga.

Mninga kila mtu anaujua kwa vitanda na makabati, unatoka kwenye miombo huko Tabora na Katavi, ukiukata mti unatoa utomvu mwekundu kama damu. Zambia wanauita mukwa, Afrika Kusini kiaat. Sifa yake kubwa kwa kazi ya gitaa ambayo sioni watu wanaisema ni kwamba ukikauka umekauka, haupanuki na kusinyaa hovyo. Kwa mtu anayeishi Dar hiyo ni kila kitu. Hapa asubuhi unatoka chumbani kwenye feni unaingia kwenye baa ya wazi pembeni ya bahari, jasho, chumvi, halafu usiku wa manane mvua, gitaa la mbao inayocheza utakuwa unatyuni kila wimbo na watu wanakuangalia.

Ila sasa hapo kwenye "ukikauka". Hapa ndo niliumia. Mbao ya kwanza ya mninga niliinunua mahali (sisemi wapi) nikaapiwa kabisa kwamba hii ina mwaka mzima imekauka, kijana wangu, gonga usikie. Nikagonga, nikasikia ko ko ko, nikaamini. Fundi akaunganisha vipande, maana bodi ya staili ya Strat ina upana kama inchi 13 na mbao ya 2 kwa 8 haitoshi peke yake, kwahiyo unaunga mbili katikati. Wiki ya tatu naipitia bodi naona mstari mweusi kama unywele pale kwenye kiungo. Wiki ya tano kadi ya benki inaingia. Bodi nzima ikawa kuni, na sina wa kumlaumu maana risiti yenyewe haikuandikwa mbao kavu, imeandikwa mbao.

Mara ya pili nikafanya hivi, na kama utachukua kitu kimoja kwenye maandishi haya yote chukua hiki. Nilinunua kipande cha futi 4, nikakipeleka kwa Mangi wa duka la jirani, nikaomba mizani ya mchele. Mangi akaniangalia. "Kaka, siku hizi mbao mnauza kwa kilo?" Nikamwambia we pima tu. Kilo 8 na gramu 300. Nikaiweka chumbani juu ya kabati, imeegemezwa kwenye vijiti hewa ipite chini na juu. Baada ya wiki mbili nikarudi, 7.9. Wiki mbili tena, 7.6. Hapo Mangi alishaanza kuwaita wateja wengine waje washuhudie. Mwezi uliofuata 7.5, wiki mbili mbele 7.5 ileile. Ikigoma kushuka maana yake maji yaliyokuwa yatoke yameshatoka, imezoea hewa ya Dar, kata. Haihitaji kifaa chochote cha kupimia unyevu, inahitaji Mangi mwenye uvumilivu.

Na mizani hiyohiyo inakupa jibu la uzito. Mbao ya inchi 2 kwa 8 kwa futi 4 ni kama lita 12 za mbao, kwahiyo 7.5 gawa kwa 12 unapata gramu 620 na kitu kwa kila lita. Bodi ya Strat ikishachimbwa mashimo yake inabaki kama lita 4 na kidogo. Zidisha. Kilo mbili na nusu. Mkongo wangu ule ulikuwa unakuja 800 kwa lita, bodi peke yake kilo 3.3. Yaani ningefanya hesabu hii mwanzoni ningejiokolea mwaka mzima wa kupaka dawa ya kuchua ya Deep Heat.

Kuhusu fundi. Ni seremala wa vitanda na makochi, hajawahi kushika gitaa la umeme mpaka nilipompelekea. Kazi ya mkono namba moja, kiungo ukipitisha kidole huoni kilipo, kona kazizungusha kwa msasa mpaka inakaa kama jiwe la mtoni. Shimo la shingo alinichimbia kwa rauta, kina milimita 16 kama nilivyomchorea, ila upana ulizidi kidogo, shingo ikawa inacheza kushoto kulia, tukaweka kiganda cha mbao chembamba pembeni na gundi ikatulia. Kosa dogo. Kosa kubwa ni muda, "njoo kesho kutwa" ilirudiwa mpaka nikawa najua majina ya watoto wake. Alichonifurahisha ni kwamba nilipomwambia kutoka pale nyuzi zinapoanzia mpaka brigi, kile chuma cha kwenye bodi kinachoshika nyuzi, lazima iwe milimita 648 na sio 650, hakubisha, alisema "mwanangu hata kitanda kikizidi nusu inchi godoro linakataa", akapima mara tatu.

Angalizo la vumbi: vumbi la mninga linabana kifua, mimi nilimsaidia kupiga msasa siku moja bila kitu usoni nikapiga chafya mpaka Jumatatu. Zile barakoa zetu za kovidi zilizobaki kabatini, zitoeni.

Ubao wa freti, ule wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi, nilitamani uwe wa mpingo. Nikaenda Mwenge kwa wachongaji nikijua nitapata kipande kilichobaki, na vipande vipo kweli, ila mpingo ni mti wa kupinda pinda, kupata kipande kilichonyooka cha sentimita 46 bila ufa wala doa la mbao nyeupe ni kama kutafuta kiti daladala ya saa kumi na moja jioni. Na unapasuka ukikauka haraka, ndo maana ile inayokatwa huko kusini kwa ajili ya klarineti inafunikwa nta. Nimeacha shingo ya mepo niliyokuwa nayo. Siku nikipata nitabadilisha.

Na kuna wenye ndugu nje wanaotaka kutumiwa bodi au mbao, hapo kuweni makini. Mpingo na jamii yake yote uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, vyombo vya muziki vilivyokamilika vikapewa nafuu 2019, lakini mkutano wa Panama wa 2022 ukaongeza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika kwenye orodha hiyohiyo. Kwahiyo ule ubao wa mninga wa kumpelekea shemeji Muscat ndani ya begi, ulizeni TFS, wakala wa misitu, kwanza kabla hamjaulizwa nyie eapoti.

Haya, sauti. Siku ya kuhamisha vitu kutoka mkongo kwenda mninga nilirekodi kwa simu kabla na baada, siku moja, nyuzi zilezile, ampu ileile, vitufe sikugusa. Nikawasikilizisha wenzangu bendini bila kuwaambia ipi ni ipi. Mpiga besi, ambaye ana uhakika na kila kitu duniani, akasema ya kwanza ndo mkongo, inasikika ngumu. Ilikuwa mninga. Mpiga tumba akasema zote sawa, anaomba soda. Bila kuchomeka kwenye ampu tofauti ipo, mkongo unalia kwa ukali zaidi na unausikia mpaka kwenye mbavu, lakini ukichomeka, pikapu ni sumaku na waya wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, inasikiliza chuma cha uzi kinavyotikisika juu yake, haina masikio ya kusikiliza mbao. Mbao inagusa kidogo jinsi uzi unavyozimika, sikatai, ila kidogo hicho kwenye baa yenye watu 200 na jiko la nyama choma pembeni, kisahau.

Kwahiyo hela ilienda kwenye pikapu, na zilikula zaidi ya mbao, fundi na vanishi vyote kwa pamoja. Hilo mke wangu halijui.

Nilikuwa na njia tatu. Singo koili tatu za kawaida, yaani kila pikapu ina koili moja ya waya, au hambaka mbili, zile za koili mbili kwenye pikapu moja, au P-90, koili moja ila pana na nene zaidi. Muziki wetu unataka gitaa safi, linalokata, lile la noti moja moja zinazodondoka kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Ukisikiliza bendi za Sikinde na Msondo utaelewa, kuna gitaa tatu zinaongea kwa wakati mmoja na kila moja lazima ipate kinjia chake, ukija na sauti nene yenye matope umemfunika mwenzako. Hambaka kwangu ni nene mno kwa kazi hiyo. P-90 naipenda, ina nyama na bado inauma, ila ni koili moja vilevile kwahiyo tatizo nitakalolisema sasa hivi ingekuwa nalo. Nikaenda na singo koili za sumaku ya alniko 5, kila moja ukinzani wa waya wake kama kiloomu 6.

Tatizo ni mngurumo. Singo koili ni antena. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde na pikapu inaunasa wote, transfoma ya ampu, taa za disko, friji la bia nyuma ya stejini, jenereta ikiwaka ndo usiseme, mmmmmmmm mpaka katikati ya maombi. Kanisani mchungaji aliwahi kunyamaza akaangalia spika, akafikiri ni tatizo la mtu wa mitambo. Hambaka ilibuniwa kwa ajili hiyohiyo, Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, koili mbili zilizozungushwa kinyume na sumaku zake kinyume, mngurumo wa hii unaua mngurumo wa ile, sauti ya nyuzi inabaki. Kwenye seti yangu ya singo koili pikapu ya katikati nayo imegeuzwa hivyohivyo, kwahiyo swichi ya kuchagulia pikapu ikiwa namba 2 au 4 pikapu mbili zinafanya kazi pamoja na kimya kinarudi, na bahati nzuri hizo namba mbili ndo ninazozitumia kwa ridhimu. Ila solo napiga na ya brigi peke yake.

Nilijaribu kwanza njia ya maskini, kuziba mashimo ya bodi kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ile ya kuchomea samaki. Inafanya kazi nusu. Ule mchakacho wa juu juu, tsssss, unapungua sana, lakini mngurumo wa chini haupungui hata kidogo kwasababu huo ni wa sumaku na aluminiamu haizuii sumaku. Na usihangaike kuisolda, solda haishiki kwenye aluminiamu, nilichoma karatasi mbili na kidole kimoja kabla sijakubali. Weka skrubu na washa, kile kibati cha duara chenye tundu, bana waya wa ethi pale. Ukiweza kupata utepe wa shaba chukua huo, unashika solda na maisha yanaendelea.

Hatimaye brigini nikaweka Little '59 ya Seymour Duncan, ile ya umbo la singo koili ila ndani ni hambaka, inaingia kwenye shimo lilelile bila kuchimba. Hii ndo nyota tano za rivyuu hii. Mngurumo wa brigi umeondoka, solo imenenepa kiasi bila kupoteza makali. Wanashauri kitufe cha volyumu cha kiloomu 500 kwa hambaka, mimi nikaacha 250 zilizokuwepo kwasababu kwenye 500 zile mbili zingine zinakuwa kali zinatoboa masikio, na kwenye 250 hii ya brigi inakuwa na utulivu ninaoupenda. Kasoro yake, ina nguvu kuliko wenzake, ukihama swichi kutoka katikati kwenda brigi sauti inaruka, inabidi uishushe chini kidogo.

Na hilo la kupandisha na kushusha, jamani. Wiki ya kwanza na hizi singo koili nilidhani shingo imeharibika. Uzi mnene ukitembea juu kwenye freti ya 12 na kuendelea unasikia kama noti mbili zinagombana, tyuna yenyewe inazunguka haitulii. Nilikuwa nishaanza kumlaumu fundi wa watu. Kumbe pikapu zilikuwa juu mno, sumaku zinavuta uzi, uzi unashindwa kutikisika kwa amani. Bonyeza uzi mnene freti ya mwisho kabisa, weka rula, acha milimita 2 na zaidi kidogo kati ya uzi na sumaku. Bisibisi, dakika tatu, bure. Hakuna mbao itakayokubadilishia sauti kama zile dakika tatu.

La mwisho kabla sijasahau, ukipigwa shoti mdomoni ukigusa maiki huku umeshika gitaa usibadilishe pikapu, nyuzi zako zimeungwa na ethi kupitia brigi, ni umeme wa ukumbi au ampu ndo mbovu. Kuna ukumbi mmoja mimi naimba nimevaa ndala na maiki nimeifunga soksi.

Mwaka na miezi minne sasa. Kiungo hakijafunguka, shingo nimeigusa mara moja tu baada ya masika, rangi ya mninga imeiva kutoka ile ya asali kuwa kahawia nzuri, pale mkono unapogusa panang'aa kuliko penginepo. Jumla kilo 3.8. Skrubu za brigi zimeanza kutu, hiyo ni bahari, nitaweka za stenlesi. Bodi ya mkongo bado ipo, mke wangu ameigeuza ya kutulia sufuria la ugali, anasema ndo kitu pekee ndani ya nyumba ambacho hakiyumbi ukisonga.

Fundi namba yake siiweki hapa. Nenda Keko uliza yule wa vitanda anayetengeneza magitaa, siku hizi ameweka bodi moja juu ya kabati kama tangazo. Nenda na mbao yako, iliyokwisha pimwa.